Dawa zimekwisha kituoni: ni la wilaya au ni la Kampala? Na federo ingebadilisha nini?

*"Nina duka la nguo hapa Busia, upande wa Uganda. Dada yangu ameolewa upande wa Kenya, na kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa miguu tu. Wao wana gavana, na mambo yakiharibika wanajua wa kumshika. Sisi mwezi uliopita kituo chetu cha afya kilikaa bila dawa za malaria. Mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza la wilaya, akatuambia dawa ni kazi ya serikali kuu. Mbunge akatuambia vituo vya afya ni vya wilaya. Baba mkwe wangu, Muganda wa siku nyingi, anasema haya yote yataisha siku tukipata federo. Mume wangu anasema federo itaivunja nchi, na kwamba Kenya tayari wana federo. Nani mkweli? Na katika nchi zenye federo, serikali kuu na majimbo hugawana vipi madaraka?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja: nani anawajibika kwa dawa, Kenya ni federo, yaani shirikisho la majimbo, au siyo, na federo ikija kwetu itatuponya au itatuvunja. Naanza na dawa, kwa sababu ndilo linalouma.

Mwenyekiti na mbunge kila mmoja amekupa nusu ya ukweli. Ingia ndani ya kituo hicho utazame kilichomo. Muuguzi aliye zamu aliajiriwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na ni wilaya inayoweza kumhamisha au kumchukulia hatua. Lakini mshahara wake unatoka hazina ya Kampala, kama ruzuku ambayo wilaya hairuhusiwi kuigusa kwa jambo lingine. Jengo ni la wilaya. Mwongozo wa kutibu malaria uliobandikwa ukutani umetoka Wizara ya Afya. Na zile dawa zenye alama ya Serikali ya Uganda na onyo kwamba haziuzwi zimenunuliwa na bohari ya taifa ya dawa, NMS. Zamani sehemu ya fedha za dawa ilipitia wilayani. Tangu mwaka wa fedha 2009/10 fedha hizo huenda moja kwa moja NMS, nayo hununua na kusambaza kwa mizunguko, takriban kila baada ya miezi miwili.

Kwa hiyo mpaka dawa zifike, mzigo ni wa serikali kuu. Zikishafika na kusainiwa, mzigo ni wa wilaya: kutunza stoo, kujaza kadi za dawa, kuhakikisha maboksi hayatokei mlango wa nyuma, na kupiga kelele mapema akiba inapopungua. Dawa zenu zilipokosekana, ama hazikufika kabisa au zilikuja pungufu, ama zilifika zikapotea au zikaisha bila mtu kutoa taarifa. Mwenyekiti wako alikuwa na uwezo wa kuuliza ni lipi kati ya hayo na kukuletea jibu, maana baraza lake ndilo linalosimamia idara ya afya ya wilaya. Kusema tu kwamba ni kazi ya serikali kuu ni kukimbia swali.

Sasa ng'ambo kwa dada yako. Mume wako amekosea hapa, ingawa wengi wanakosea kama yeye. Kenya haina federo. Katiba yao ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi: kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake, lakini nchi ina mfumo mmoja wa mahakama na jeshi moja la polisi, na hakuna kaunti yenye katiba yake. Kinachofanya kaunti zionekane kama majimbo ni kwamba haki zake zimefungwa kwa kamba ngumu. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa hesabu ya mwisho iliyokaguliwa. Jedwali la Nne linataja kazi za kila upande: vituo vya afya na hospitali za kaunti ni za gavana, hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya ni za Nairobi. Na muundo wa ugatuzi haubadilishwi bila kura ya maoni ya wananchi wote. Ndiyo maana dada yako anajua wa kumshika.

Lakini usifikiri dawa hazikosekani kwao. Fedha kutoka Nairobi huchelewa, wauguzi na madaktari wamegoma mara nyingi kwa ajili ya mishahara, na kaunti zimejikuta na madeni kwa KEMSA, bohari yao ya dawa. Alichokupita dada yako ni anwani ya lawama. Katika utawala hicho si kitu kidogo, maana kiongozi anayejua kwamba lawama itamfikia huamka mapema.

Tuje kwenye federo yenyewe. Kiini chake ni hiki: serikali ya jimbo haipewi madaraka na serikali kuu. Zote mbili zinayapata kutoka Katiba moja, na hakuna iliyo mtoto wa mwenzake. Jimbo katika shirikisho ni kama mtu mwenye kiwanja chake. Anaweza kuwa maskini kuliko jirani, lakini jirani hawezi kumwambia ahame. Wilaya au mkoa katika nchi ya serikali moja mara nyingi ni mpangaji. Anaweza kuwa na chumba kizuri, lakini ufunguo wa akiba uko kwa mwenye nyumba.

Marekani ndiko mfano unaotajwa zaidi, basi tuutazame kwa karibu. Mwaka 1787 walipokutana kuandika Katiba, yale majimbo 13 yalikuwapo tayari na yalikuwa yakijitawala. Yakakubali kukabidhi serikali ya kitaifa mambo yaliyoorodheshwa: kutangaza vita, kuchapa sarafu, mikataba na nchi za nje, biashara kati ya jimbo na jimbo. Marekebisho ya Kumi, ya mwaka 1791, yakasema kila ambacho hakikukabidhiwa kinabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo sababu mpaka leo sheria za ndoa, shule, leseni za udereva na makosa mengi ya jinai hutungwa na jimbo, na ndiyo sababu majimbo mengine yanaua kwa hukumu ya mahakama na mengine yamefuta adhabu hiyo. Kuna mambo wanayofanya wote wawili, kama kutoza kodi. Sheria zikigongana, ile ya taifa hushinda, mradi taifa halikutoka nje ya mamlaka yake. Na mwamuzi ni Mahakama ya Juu. Mwaka 1819 jimbo la Maryland lilijaribu kuitoza kodi benki ya taifa, na mahakama ikakataa: jimbo haliwezi kutumia kodi kuua chombo halali cha taifa.

Kesi ninayopenda kuwaeleza madiwani ni ya mwaka 1997. Bunge la Marekani lilikuwa limetunga sheria ya kudhibiti bastola, ikawaagiza wakuu wa polisi wa mitaani wachunguze historia ya kila mnunuzi. Sherifu mmoja wa Montana akaenda mahakamani akasema: mimi nimechaguliwa na watu wa hapa, Washington hainiagizi kazi. Akashinda. Mahakama ikasema serikali ya taifa inaweza kutunga sheria na kuitekeleza kwa watumishi wake yenyewe, lakini haiwezi kuwaandikisha kwa nguvu watumishi wa jimbo. Mweke sherifu huyo akilini, tutamrudia.

Hata huko, hata hivyo, fedha hupinda kila kitu. Mwaka 1984 Washington ilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchi nzima. Haikuwa na uhakika kwamba ina mamlaka ya kuamuru hilo, basi ikasema: jimbo litakalokataa litapunguziwa fedha za barabara kuu. Jimbo la South Dakota lilikwenda mahakamani likashindwa mwaka 1987, na baada ya muda mfupi majimbo yote 50 yakawa yamekubali. Nigeria nao wana shirikisho, lenye majimbo 36. Lakini polisi wao ni wa taifa, na majimbo mengi hungoja mgawo wa kila mwezi kutoka Abuja, ambao kwa miaka mingi umetegemea mafuta. Gavana huyo ana bendera na ving'ora, lakini tarehe ya mshahara haijui.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo hata madiwani wengi huwa hawajalisoma. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 189, inasema serikali kuu itafanya kazi zilizotajwa kwenye Jedwali la Sita: ulinzi, benki na sarafu, uraia na uhamiaji, uhusiano na nchi za nje, sera ya elimu, sera ya afya, kudhibiti magonjwa ya mlipuko, na nyinginezo. Kisha inasema kazi yoyote ambayo haikutajwa humo ni ya mabaraza ya wilaya. Soma tena Marekebisho ya Kumi ya Marekani hapo juu. Mantiki ni ileile: taja kazi za juu, mabaki yote yawe ya chini. Zaidi ya hapo, kifungu cha 261 kinataka kubadilisha kifungu hicho kuridhiwe na mabaraza ya wilaya yenyewe, theluthi mbili ya wajumbe katika angalau theluthi mbili ya wilaya. Kwa maandishi, Uganda si nchi ya Kampala peke yake. Katiba imeipa wilaya ya Busia haki ambayo wengi wenu mnadhani mnatakiwa kuiomba.

Basi kwa nini unaishi kama mpangaji? Kwa sababu mamlaka yalibaki kwenye karatasi, na nguvu zikaondoka kwa milango mingine.

Mlango mkubwa ni fedha. Wilaya zetu kwa jumla hupata zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za bajeti zao kutoka serikali kuu, na nyingi ni ruzuku zenye masharti: hii ya mishahara ya walimu, hii ya barabara, hii ya madarasa. Diwani anapitisha bajeti ambayo imekwisha kuamuliwa. Mwaka 2005 kodi ya kichwa ilifutwa. Najua hakuna aliyeililia, na mimi sitaki irudi; wanaume walilala vichakani kuikimbia, na waliokamatwa walidhalilishwa mbele ya watoto wao. Lakini ilikuwa chanzo kikubwa cha fedha ambazo wilaya ilizikusanya na kuzipangia yenyewe. Mahali pake wilaya zimebaki na ushuru wa soko, leseni za biashara kama hiyo unayolipia duka lako, kodi ya huduma za mitaa na kodi ya majengo. Katika wilaya nyingi havitoshi kununua hata trekta moja la kuchonga barabara.

Mlango wa pili ni watu. Mkuu wa watumishi wa wilaya, CAO, ndiye anayeidhinisha matumizi. Mwanzoni aliajiriwa na wilaya. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakahamishia uteuzi wake kwa Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. RDC naye, mwakilishi wa serikali kuu wilayani, ameteuliwa na Rais. Hapo ndipo tunapomkumbuka yule sherifu: alishinda kwa sababu alikuwa mtumishi wa jimbo lake, si wa Washington. Zamani baadhi ya wilaya ziliajiri ma-CAO kwa ukabila na undugu, hilo ni kweli na ndilo lililotolewa kama sababu ya mabadiliko. Bado naamini dawa ilizidi ugonjwa. Mwenyekiti mliyempigia kura anakaa kiti kimoja na mtendaji ambaye hawezi kumwajiri wala kumfukuza.

Mlango wa tatu hauonekani sana. Baraza la wilaya likitunga sheria ndogo, lazima ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali athibitishe kwamba haipingani na sheria za nchi kabla ya mwenyekiti kuisaini. Huko inaweza kukaa. Na idadi ya wilaya yenyewe imekua kutoka 33 mwaka 1986 hadi 135 mbali na Kampala. Wilaya yako ilitolewa Tororo mwaka 1997. Kila wilaya mpya ilisherehekewa kwa ng'oma, na huduma kweli zilisogea, lakini wilaya ndogo haina ubavu wa kubishana na wizara.

Kuhusu baba mkwe wako, mheshimu, maana anakumbuka kitu kilichokuwapo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1962 iliipa Buganda uhusiano wa shirikisho: Lukiiko yake, yaani bunge lake, mahakama zake, polisi wake. Ankole, Bunyoro, Toro na Busoga zilipewa mamlaka madogo kuliko ya Buganda. Bukedi, ambayo ndani yake ilikuwa Busia yenu, pamoja na Acholi, Lango na nyingine, zilikuwa wilaya za kawaida chini ya serikali kuu. Mpango huo ulikuwa na nchi tatu ndani ya moja, na ulilemewa haraka. Mwaka 1964 kura ya maoni ilirudisha kaunti za Buyaga na Bugangaizi kutoka Buganda kwenda Bunyoro, na Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, ikaumia. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha Katiba, Lukiiko ikaitaka serikali kuu iondoke ardhi ya Buganda, na tarehe 24 Mei jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Mutesa alifia uhamishoni London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote na kuweka kila kitu mkononi mwa Kampala. Mwaka 1993 falme zilirudi, lakini bila mamlaka ya kisiasa. Mwaka 2005 Buganda walipendekezewa serikali ya kanda, wilaya kadhaa zikishirikiana. Mengo iliikataa kwa kuwa haikuwa ebyaffe ("vilivyo vyetu") waliyoidai, na mpaka leo mpango huo haujaanza kazi popote.

Mume wako akikwambia kwamba federo iliivunja Uganda mwaka 1966, mjibu kwamba kilichovunjika kilikuwa mpango usio sawa, ambao haukuwa na mwamuzi aliyekubaliwa na pande zote, uliomalizwa kwa bunduki. Shirikisho lenye mwamuzi anayekubalika linaweza kushikilia nchi kubwa yenye makabila mengi. India ni ushahidi. Baba mkwe naye akikwambia federo italeta dawa, muulize fedha zake zitatoka wapi. Kampala na majirani zake zina kodi za kutosha. Karamoja hazina, na Bukedi hazina. Shirikisho lisilo na mfuko wa kusawazisha litamfanya tajiri awe tajiri zaidi, na mtoto wa Busia atalipia mpaka aliochorewa na wengine.

Kisha kuna swali linalokuhusu wewe hasa: ukiwa Busia, jimbo lako lingekuwa lipi? Pengine Bukedi, makao makuu Tororo. Humo wamo Wasamia, Wajopadhola, Wanyole, Wagwere na Iteso. Tororo wenyewe wamevutana kwa miaka mingi kuhusu kugawanya wilaya yao. Walio wachache ndani ya nchi wanaweza kugeuka wengi ndani ya jimbo, na wakawatendea wengine yaleyale waliyoyalalamikia. Anayedai federo bila kusema atawalindaje wachache wa ndani bado hajamaliza kufikiri.

Maoni yangu, kwa kuwa umeuliza: mjadala wa federo ni halali na hakuna mtu anayestahili kuitwa msaliti kwa kuuleta. Lakini hata kabla haujaisha, mambo mawili yangekubadilishia maisha bila kubadilisha jina la nchi. Kwanza, fungu la mapato ya taifa litajwe kwenye Katiba kwa asilimia, kama majirani walivyofanya, na sehemu kubwa iwe ruzuku isiyo na masharti. Pili, CAO arudi kuajiriwa na wilaya, kwa usaili unaosimamiwa na tume huru ili undugu usirudi naye. Ningeanza na hayo kabla ya kuchora mpaka wowote.

Wakati huo huo malaria haingoji Katiba. Nenda kituoni wakati wa kazi, ukiwa na mtu wa kamati ya usimamizi wa kituo, uombe kuonyeshwa hati ya kupokelea dawa za mzunguko uliopita. Ina tarehe, dawa na idadi. Ilinganishe na kadi ya stoo. Mzigo ukiwa haukuja au ulikuja pungufu, andikeni kwa afisa wa afya wa wilaya mkiomba aeleze aliiandikia nini NMS na lini, na nakala mmpe mbunge, maana yeye ndiye anayeweza kumuuliza waziri bungeni. Mzigo ukiwa ulikuja kamili na kadi haieleweki, barua iende kwa CAO, nakala kwa mwenyekiti wa LC5, na mkishuku wizi, kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG), inayopambana na rushwa. Wakikunyima hati, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua yoyote utakayopeleka, hakikisha wanakugongea muhuri kwenye nakala yako.

Kuna hali moja ambayo majibu yangu hapa hayatoshi. Ikiwa kuna mtu aliyepoteza maisha au kupata ulemavu kwa kukosa huduma, usiishie kwenye barua. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliona wilaya ya Nakaseke inawajibika kwa kifo cha mama aliyefika hospitali kujifungua, daktari wa zamu akawa hayupo. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba nayo ikaamua kwamba serikali kuu ilivunja Katiba kwa kutowapa akina mama huduma za msingi za uzazi. Ni nani anayeshtakiwa hutegemea kilichotokea siku hiyo kituoni, na hilo wakili analijua kwa kusoma karatasi za kituo na kuwasikiliza walioshuhudia. Kesi za madai dhidi ya serikali na wilaya hupewa muda mfupi kuliko kesi za kawaida, basi muone wakili ana kwa ana mapema, au shirika la msaada wa kisheria lililo karibu nawe, uende na kadi ya matibabu na majina ya waliokuwa zamu.